Frederick Lanchester: Mhandisi aliyepigana na kelele za gari

MATATU inapoteremka kutoka nyanda za juu za Kisii kuelekea Oyugis, au trekta lililosheheni miwa linapopunguza mwendo karibu na kiwanda cha sukari cha SONY mjini Awendo, mara nyingi breki husikika kabla ya chombo chenyewe kuonekana.

Mlio huo ni mwembamba na mkali. Abiria hukunja nyuso, watoto huziba masikio, naye dereva aghalabu huendelea na safari yake kana kwamba hakuna lililotokea.

Barabara hiyo huanzia Isebania, mpakani mwa Kenya na Tanzania, ikapita Migori, Awendo na Rongo katika Kaunti ya Migori, ikapanda Kisii, kisha ikateremka Oyugis katika Kaunti ya Homa Bay ikielekea Ahero na Kisumu. Pale Rongo huchepuka nyingine inayoshuka hadi mji wa Homa Bay, ufuoni mwa ziwa ambalo wenyeji huliita Nam Lolwe. Kwa anayesafiri katika barabara za milima na mabonde kama hizo, breki si jambo la mzaha.

Mlio wa breki una historia ya zaidi ya karne moja. Mmoja wa watu wa kwanza kusumbuliwa nao alikuwa mhandisi Mwingereza aliyebuni breki ya diski ya gari, aina ile ile ambayo leo imefungwa katika magurudumu ya mbele ya takriban kila gari dogo linalopita mjini Migori.

Mhandisi huyo ni Frederick William Lanchester. Jina lake ni kubwa katika vyuo vya uhandisi, lakini madereva wanaonufaika na kazi yake kila siku hawamjui.

Maisha yake yalikuwa vita virefu dhidi ya kelele na mitetemo ya mashine. Alishinda vita vingi kati ya hivyo. Kile cha breki kilimshinda, kikamaliziwa na mtu mwingine kabisa, na bei ya ushindi huo ililipwa na watu ambao hawakuwahi kumiliki gari.

Kijana asiye na shahada

Lanchester alizaliwa Oktoba 23, 1868, katika mtaa wa Lewisham, London. Alikuwa mtoto wa nne katika familia ya watoto wanane. Baba yake, Henry Jones Lanchester, alikuwa msanifu wa majengo, na mama yake, Octavia, alikuwa mwalimu.

Alisomea katika Taasisi ya Hartley mjini Southampton, kisha akajiunga na chuo cha sayansi cha serikali huko South Kensington, London. Aliondoka chuoni bila ya shahada. Alikuwa kijana mwenye kiu ya elimu, lakini hakuwa na subira ya kukariri yale aliyoona hayana matumizi.

Mwishoni mwa miaka ya 1880 aliajiriwa katika kampuni ya injini za gesi iliyoitwa Forward, mjini Birmingham, kwa mshahara wa pauni moja kwa wiki. Mkataba aliopewa ulikuwa na kifungu kilichosema kwamba uvumbuzi wowote atakaoufanya utakuwa mali ya mwajiri. Kijana huyo alikifuta kifungu hicho kabla ya kutia sahihi.

Uamuzi huo ulimfaa upesi. Muda mfupi baadaye alibuni kifaa cha kudhibiti kasi ya injini, na malipo aliyopata kutokana na uvumbuzi huo yakazidi mshahara wake.

Mnamo 1895, akishirikiana na ndugu yake George, alianza kutengeneza gari la petroli. Wanahistoria wengi hulihesabu kuwa gari la kwanza la magurudumu manne la aina hiyo kubuniwa lote nchini Uingereza na Waingereza wenyewe.

Wakati huo sheria ya nchi hiyo haikuyapenda magari. Hadi 1896, chombo chochote cha barabarani kilichoendeshwa kwa mashine kilitakiwa kutanguliwa na mtu anayetembea kwa miguu, na mwendo wake ulizuiwa usizidi maili nne kwa saa, sawa na kilomita sita na ushei.

Kwa mwendo wa namna hiyo, hakuna aliyehangaikia breki. Sheria ilipobadilishwa mwaka huo na mwendo wa juu kabisa ukafanywa maili 14 kwa saa, yaani kilomita 22 hivi, mambo yaligeuka. Swali la jinsi ya kulisimamisha gari lilianza kuwa na uzito sawa na lile la jinsi ya kuliendesha.

Adui wa mtetemo

Gari la kwanza la Lanchester lilikuwa na injini ya silinda moja. Lilikwenda, lakini lilitetemeka na kupiga kelele kuliko alivyoweza kuvumilia.

Watengenezaji wengi wa siku hizo waliona kelele kuwa sehemu ya gari, kama vile moshi ulivyo sehemu ya moto. Waliongeza mito kwenye viti na kumwachia abiria aamue kama angestahimili.

Lanchester hakuwa na mtazamo huo. Kwake yeye, kelele ilikuwa dalili ya nguvu inayopotea, au ya vipande viwili vya chuma vinavyoshindana mahali visipopaswa kushindana. Aliamini kwamba dawa si kuifunika kelele bali kuitafuta inakotoka.

Kwa injini yake ya pili alitumia silinda mbili zilizoelekeana na krenki mbili, yaani vyuma vinavyogeuza msukumo wa pistoni kuwa mzunguko. Krenki moja ilizunguka kuelekea upande mmoja na ya pili ikazunguka kinyume. Mtikisiko wa moja ukafuta ule wa mwenzake. Matokeo yalikuwa gari tulivu kwa kiwango ambacho watu wa wakati huo hawakuwa wamekizoea.

Mwezi Desemba 1899, Frederick na ndugu zake, George na Frank, walianzisha kampuni ya kutengeneza magari mjini Birmingham. Frederick alibuni, George akasimamia utengenezaji, naye Frank akatafuta wanunuzi. Miongoni mwa wateja wao alikuwemo mwandishi mashuhuri Rudyard Kipling.

Katika karakana hiyo, Frederick alisisitiza kwamba kila kipande kitengenezwe kwa vipimo vile vile, ili spea ya gari moja iweze kuingia katika jingine bila ya kusuguliwa na tupa. Jambo hilo leo ni la kawaida kwa kila fundi, lakini katika utengenezaji wa magari wa enzi hizo lilikuwa geni.

Diski na mlio wake

Breki za magari ya kwanza zilirithiwa kutoka kwa mikokoteni ya farasi. Baadhi zilikuwa vipande vya mbao vilivyokandamizwa juu ya gurudumu. Nyingine zilikuwa mikanda iliyobana pipa la chuma lililozunguka pamoja na ekseli, na ndani ya mikanda hiyo kulibandikwa ngozi au manyoya ya ngamia yaliyofumwa.

Vifaa hivyo vilifaa kwa mkokoteni. Gari lilipokuwa zito na kwenda kasi, mbao ziliteketea, ngozi iliungua, na magurudumu ya mpira yaliyojazwa hewa hayakuweza kustahimili kusuguliwa na gogo.

Mwaka wa 1902 ulileta majibu mawili. Nchini Ufaransa, Louis Renault alitengeneza breki ya dramu, ambayo vipande vyake husukumwa kutoka ndani na kusugua ukuta wa dramu. Nchini Uingereza, Lanchester alipata hataza, yaani hati rasmi ya kulinda uvumbuzi, kwa breki ya diski.

Wazo lake lilikuwa jepesi. Sahani ya chuma iliunganishwa na gurudumu ili vizunguke pamoja. Dereva alipovuta wenzo, taya mbili ziliibana sahani hiyo ukingoni, kutoka pande zote mbili, na gari likapunguza mwendo. Anayetaka kuliona wazo hilo likifanya kazi aangalie gurudumu la mbele la baadhi ya pikipiki za kisasa za bodaboda.

Diski ilikuwa na faida ambayo dramu haikuwa nayo. Ilikaa wazi kwenye upepo, hivyo joto lililozaliwa na msuguano lilitoka upesi badala ya kujifungia ndani. Breki iliyopata joto kupita kiasi hupoteza nguvu, na hilo ndilo linaloweza kumfika dereva anayeteremka mlima mrefu huku mguu wake umeganda juu ya kanyagio.

Tatizo lilikuwa taya. Zilihitaji kufunikwa kwa kitu ambacho kingeishika sahani ya chuma bila ya kuungua wala kuyeyuka. Katika uchache wa vitu vilivyopatikana mwaka huo, Lanchester alichagua shaba nyekundu.

Shaba haikuungua, lakini ilipogusana na chuma kinachozunguka, ilitoa mlio mkali uliowasisimua vibaya waliokuwa karibu. Aidha, barabara za wakati huo zilikuwa za vumbi na changarawe. Vumbi liliingia kati ya shaba na diski, na shaba ikalika upesi.

Jinsi mlio huo unavyozaliwa, mkazi wa Migori au Homa Bay anaweza kuielewa kwa kumtazama mpiga orutu. Huyu huusugua uzi mmoja wa ala yake kwa upinde. Upinde hauteleze tu juu ya uzi. Huushika, ukauvuta kidogo, uzi ukaponyoka na kurudi, kisha ukashikwa tena, mamia ya mara kwa sekunde moja. Kushikwa na kuponyoka huko ndiko kunakoutia uzi mtetemo, na mtetemo huo ndio sauti tunayoisikia.

Breki inayolia hufanya mambo kama hayo. Taya huishika sahani, sahani ikaponyoka, ikashikwa tena, na chuma kizima kikatetemeka maelfu ya mara kwa sekunde. Tofauti ni kwamba mpiga orutu hutafuta muziki, ilhali dereva hutafuta kusimama.

Lanchester alikuwa na umbo sahihi la breki, ila ulimwengu wa 1902 haukuwa na kitu sahihi cha kubandika kwenye taya zake. Breki yake ilitumika katika magari ya kampuni yake, lakini haikuenea. Dramu ya Renault ilitamalaki kwa miaka 50 iliyofuata.

Mtu wa mikokoteni

Jibu lilitoka kwa mtu ambaye hakuanza na magari hata kidogo. Herbert Frood, aliyezaliwa mwaka wa 1864, aliishi katika kijiji cha Combs, kwenye milima ya Derbyshire. Huko aliwaona wenye mikokoteni wakiteremka kwenye miinuko mikali huku wamebana magurudumu kwa magogo, na wengine wakitumia viatu vikuukuu.

Frood aling'amua kwamba kiatu kilishika vizuri kuliko gogo. Mnamo 1897, ndani ya kibanda katika bustani ya nyumba yake, alianza kufanya majaribio ya vipande vya breki vilivyotengenezwa kwa vitambaa vya pamba na manyoya, vikalowekwa katika lami na vitu vingine vya kunata.

Biashara ilipokua aliihamishia katika mji jirani wa Chapel-en-le-Frith mnamo 1902, mwaka ule ule ambao Lanchester alipata hataza yake. Bidhaa zake alizipa jina la Ferodo, kwa kuzipanga upya herufi za jina lake la ukoo na kuongeza herufi ya kwanza ya jina la mkewe, Elizabeth. Jina hilo lingali linauzwa katika maduka ya spea ulimwenguni.

Vitambaa vya pamba vilifaa kwa mikokoteni, lakini kwa magari yenye kasi viliungua kama ngozi ilivyoungua. Kufikia mwaka wa 1908, Frood alikuwa amepata kitu kipya. Alifuma nyuzi za asbesto pamoja na nyaya nyembamba za shaba ya manjano, akazishikanisha kwa utomvu.

Asbesto ni jiwe la ajabu. Likichimbwa na kupondwa, huchambuka na kuwa nyuzi laini zinazoweza kusokotwa na kufumwa kama pamba, ila haziungui. Zikibandikwa kwenye breki, nyuzi hizo huyashika machuma kwa wororo na kuumeza mtetemo kabla haujawa mlio.

Watengenezaji wa magari waliupokea ugunduzi huo kwa mikono miwili. Mbali na kunyamazisha breki, vipande vya asbesto viliweza kudumu kwa kilomita 16,000 na zaidi kabla ya kubadilishwa. Kelele iliyomshinda Lanchester ilikuwa imepata dawa.

Wahenga walisema mgala muue na haki yake mpe. Lanchester ndiye aliyeiona breki ya kesho, lakini aliyeinyamazisha ni Frood, mtu wa kibanda cha bustani. Mmoja alikuwa na umbo bila ya kitambaa, mwingine alikuwa na kitambaa bila ya umbo, na gari la kisasa limewahitaji wote wawili.

Baada ya breki

Wakati Frood akifanikiwa, mambo ya Lanchester yalikuwa yameanza kwenda mrama. Kampuni yake ilikuwa na oda nyingi lakini mtaji mdogo, na mnamo 1904 ikawekwa chini ya mrasimu. Iliundwa upya muda mfupi baadaye, ila Frederick hakuwa tena na sauti aliyokuwa nayo mwanzoni.

Mwaka wa 1909 akawa mshauri wa kampuni ya Daimler ya Uingereza. Kampuni hiyo ilikuwa imeanza kutumia injini ya aina mpya iliyosifiwa kwa ukimya wake. Hata hivyo, injini zenye silinda sita zilikuwa na kasoro iliyotia aibu sifa hiyo. Zilipofika kasi fulani, krenki yake ndefu ilijipinda na kujipindua kama kamba inayosokotwa, na gari zima likatikisika.

Lanchester alibuni kifaa kidogo cha kufungwa kwenye ncha ya krenki. Ndani yake mlikuwa na gurudumu lililoweza kuteleza ndani ya mafuta mazito. Kila krenki ilipojipinda, gurudumu hilo lilichelewa kuifuata, na uvutano huo ukaumeza mtikisiko. Vifaa vya ukoo huo vingali vinafungwa katika injini za magari na malori hadi sasa.

Alibuni pia mihimili midogo inayozunguka kwa kasi maradufu ya krenki ili kuzifuta nguvu zinazotikisa injini ya silinda nne. Wazo hilo lilikaa kwa miongo mingi bila ya kutumiwa sana. Mnamo 1975, kampuni ya Mitsubishi ya Japani ililiendeleza katika injini zake, na wenye magari wakashangaa injini ya silinda nne ilivyoweza kutulia.

Kichwa chake hakikutosheka na magari. Mnamo 1907 na 1908 alichapisha vitabu viwili vikubwa kuhusu jinsi ndege zinavyoelea angani, wakati ambapo wengi waliziona ndege kuwa mchezo. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, alitunga kanuni za hesabu zinazoeleza jinsi idadi ya wanajeshi inavyoathiri matokeo ya mapigano. Kanuni hizo hufundishwa kwa jina lake katika vyuo vya kijeshi na vya biashara.

Alimwoa Dorothea Cooper mwaka wa 1919. Hawakujaliwa watoto. Mnamo 1922 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, jumuiya yenye heshima kuu miongoni mwa wanasayansi wa Uingereza.

Alipoachana na injini, alirudia sauti kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1920 alianza kubuni vipaza sauti vya redio. Mtu aliyetumia ujana wake kuzifukuza sauti mbaya alitumia uzee wake kutafuta jinsi ya kuitoa sauti nzuri bila ya kuiharibu.

Biashara hiyo haikumtajirisha. Mkataba wake na Daimler ulifikia kikomo, na mnamo 1931 kampuni iliyobeba jina la familia yake ikauzwa. Maradhi ya Parkinson yaliuandama mwili wake na macho yake yakaingia kiza. Alipofariki mjini Birmingham mnamo Machi 8, 1946, akiwa na umri wa miaka 77, alikuwa mtu aliyehitaji msaada wa wenzake ili kuishi.

Miaka saba baadaye, mnamo Juni 1953, magari ya Jaguar yaliyofungwa breki za diski yalishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, nchini Ufaransa. Madereva wake waliweza kuchelewa kukanyaga breki katika kila kona, huku wapinzani wao wenye breki za dramu wakilazimika kupunguza mwendo mapema.

Mnamo 1955 kampuni ya Citroën ya Ufaransa ikaziweka diski katika gari la DS lililouzwa kwa wananchi. Kuanzia hapo breki ya Lanchester ikaenea duniani kote. Mwenyewe hakuwahi kuyaona hayo.

Bei ya ukimya

Hadithi ingeishia hapo, ingekuwa ya kufurahisha. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, na kilichoinyamazisha breki kilikuwa na sumu yake.

Nyuzi za asbesto ni nyembamba mno. Zikivunjika huwa vumbi lisiloonekana kwa macho, na mtu akilivuta, hukwama ndani ya mapafu lisiweze kutoka. Huko hutia makovu, na baada ya miaka 10, 20, hata 40, linaweza kuleta saratani.

Mnamo 1924, Nellie Kershaw, mwanamke aliyefanya kazi ya kusokota nyuzi za asbesto katika mji wa Rochdale, Uingereza, alifariki akiwa na umri wa miaka 33. Mapafu yake yalikuwa yamejaa chembechembe za jiwe hilo. Kifo chake kilikuwa cha kwanza kuelezwa na daktari katika jarida la kitabibu kuwa kimetokana na ugonjwa ambao baadaye uliitwa asbestosi.

Mwajiri wa Kershaw alikuwa sehemu ya muungano wa viwanda uliojulikana kama Turner & Newall. Katikati ya miaka hiyo ya 1920, muungano huo uliinunua kampuni ya Ferodo. Kampuni hiyo hiyo pia ilichimba asbesto barani Afrika, huko Shabani, katika Rhodesia ya Kusini ambayo leo ni Zimbabwe, na Havelock, katika Swaziland ambayo sasa ni Eswatini.

Serikali ya Uingereza ilitoa kanuni za kwanza za kuwakinga wafanyakazi wa asbesto mnamo 1931. Frood alifariki mwaka huo huo. Kanuni hizo ziliwahusu watu wa viwandani tu. Fundi wa gereji aliyefungua dramu na kupuliza vumbi kwa mdomo hakutajwa.

Uingereza ilipiga marufuku matumizi ya aina zote za asbesto mnamo 1999. Mnamo 2001, Turner & Newall ilielemewa na madai ya fidia ya walioathirika, ikawekwa chini ya wasimamizi. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani. Hapa Kenya, kanuni za usimamizi wa taka za mwaka 2006 ziliiorodhesha asbesto miongoni mwa taka za hatari.

Breki nyingi zinazotengenezwa leo hutumia nyuzi za chuma, za kioo na za vitu vingine badala ya asbesto. Hata hivyo, magari makuukuu yangali barabarani, na spea zisizojulikana zilikotoka zingali sokoni. Fundi anayefungua gurudumu kando ya barabara mjini Rongo au Homa Bay hawezi kujua kwa kutazama tu vumbi lile jeusi lina nini ndani yake.

Kwa sababu hiyo, kinga yake ni kulichukulia vumbi lolote la breki kuwa la hatari. Halipaswi kupulizwa kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo, wala kupanguswa likiwa kavu. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa maji, na kitambaa hicho kitupwe mbali na watoto.

Kelele yenye ujumbe

Kuna jambo moja ambalo huenda lingemfurahisha Lanchester. Baada ya miongo mingi ya kuitafutia breki ukimya, wahandisi waliamua kuurudisha mlio kwa makusudi.

Pedi nyingi za breki za siku hizi hutengenezwa zikiwa na kibati kidogo cha chuma pembeni. Pedi inapokuwa nene, kibati hicho hakigusi kitu. Inapolika na kubaki nyembamba, kibati hufika kwenye diski na kuanza kulia. Mlio huo ni salamu kwa dereva kwamba wakati wa kubadilisha pedi umewadia.

Dereva anayeupuuza huendelea mpaka pedi imalizike, kisha chuma kikakutana na chuma. Hapo anakuwa amerudi katika mwaka wa 1902, ila bila ya shaba, na akiwa na gari lenye kasi kuliko lile la Lanchester na abiria 14 nyuma yake.

Wapo pia wanaotafuta njia ya mkato kwa kuupaka uso wa pedi mafuta au grisi ili breki inyamaze. Itanyamaza kweli, kwa sababu haitashika tena. Wengine humwaga maji kwenye diski iliyopata moto, na chuma kikajikunja au kupasuka. Sikio la kufa halisikii dawa, na katika mteremko wa Oyugis dawa hiyo huchelewa mara moja tu.

Lanchester alikuwa na desturi ya kuuliza kelele inatoka wapi kabla ya kuuliza itazimwa vipi. Kwa injini, swali hilo lilimpa majibu yanayotumika hadi leo. Kwa breki, viwanda vilishika jibu lililonyamazisha masikio na havikutaka kujua vumbi lake lilikwenda wapi, hata baada ya madaktari kuanza kueleza.

Mjini Coventry, Uingereza, chuo cha ufundi kilichoanzishwa mnamo 1970 kilipewa jina lake. Leo chuo hicho ni Chuo Kikuu cha Coventry, na maktaba yake ingali inaitwa Lanchester. Kumbukumbu yake nyingine iko ndani ya magurudumu ya magari yanayopanda na kushuka kati ya Isebania na Oyugis, na hulia kila pedi inapokaribia kwisha.